Nyota ngapi kwa dereva asiyeongea

Dereva wetu alichomoa kapeti la gari, akalitandika juu ya chumvi, akalala kifudifudi. Simu ya mgeni aliiweka chini kabisa, kamera ikikaribia kugusa ardhi, na mbele yake akasimamisha dainosa wa plastiki wa kijani. Wageni walikuwa mbali nyuma, wamejipanga mstari, wanasubiri amri. Akanyanyua mkono. Wakaruka. Akaitazama picha, akatikisa kichwa, akanyanyua mkono tena.

Kila aliyefika Salar de Uyuni, uwanda wa chumvi kule Bolivia, anayo picha hii: dainosa mkubwa kuliko watu, watu wanakimbia kuokoa roho zao, nyuma yao weupe mtupu mpaka mbinguni. Pale hakuna mti wala kichuguu cha kumpa mtu kipimo cha umbali, basi jicho linadanganyika kirahisi. Asiyeonekana pichani ni mtu wa makamo anayetambaa kwa viwiko kwenye mita 3,656 kutoka usawa wa bahari, jua linamchoma kisogo na chumvi inamrudishia mwanga usoni, anatafuta pembe ambayo dainosa ataonekana anawameza watu vizuri zaidi.

Alitumia karibu saa nzima. Kila mgeni akapata picha yake, na juu yake video ya wote wakitoka mmoja mmoja ndani ya mkebe wa chipsi.

Kesho yake usiku, wageni hao hao wakaafikiana kwamba dereva wetu ni mtu baridi.

Nimekaa na sentensi hiyo wiki kadhaa sasa.

## Kiti cha mgeni

Nilikuwa La Paz kikazi, nikabakiwa na likizo, na ukiwa Bolivia na siku za ziada utaishia Uyuni tu. Ziara ya kawaida ni ya siku 3. Mnatoka mjini kwa Land Cruiser, mnavuka chumvi, mnapanda hadi Sud Lípez, kona ya kusini-magharibi ya nchi, penye maziwa ya rangi na volkano zilizopangana. Halafu wengine wanashukia mpakani mwa Chile, wengine wanageuza na gari.

Baba yangu aliendesha watalii Arusha maisha yake yote ya kazi. Manyara, Ngorongoro, Serengeti, na kwa wageni wasioogopa vumbi, ile njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero na Ziwa Natron. Kwetu ukisikia "wageni wanaingia kesho" ujue baba hatumwoni tena mpaka wageni watoke. Magari ya safari nimeyapanda yakiwa matupu, yakienda gereji au kuoshwa. Kukaa kiti cha mgeni, mgeni mwenyewe nikiwa mimi, ilikuwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo macho yangu yalikwenda pale ambapo wenzangu hawakuangalia. Madumu ya mafuta juu ya keria, kwa sababu kule juu hakuna sheli. Tairi za akiba. Mtungi wa gesi, sanduku la vyombo, gunia la viazi, mabegi yetu, vyote vimefunikwa turubai na kukazwa kwa mafundo ya mtu anayejua rafu rodi inavyofungua vitu. Ndani tulikuwa abiria sita na yeye. Mpishi hakuwepo. Mwongozaji hakuwepo.

Yaani mpishi ni dereva, mwongozaji ni dereva, fundi ni dereva.

Wenzangu walikuwa wamelipia kitu kingine. Wakala aliyewauzia ziara aliwaahidi mwongozaji wa Kiingereza. Asubuhi ya safari ofisi zikabadilishana abiria ili kila gari lijae, jambo la kawaida pale Uyuni, wakajikuta kwenye gari la mtu anayejua Kihispania na Kikechua. Risiti wanayo mkononi, aliyeahidi hayupo. Nawaelewa kabisa. Ukishatoa fedha zako na kuvuka nusu ya dunia, unataka mtu akwambie hicho unachokiangalia ni nini.

Lakini hasira ya namna hiyo humwangukia aliye karibu, na aliye karibu ndiye aliyeshika usukani.

## Chumvi

Makaburi ya treni nitayapita haraka: mabehewa na vichwa vya garimoshi vinavyooza kwa kutu nje kidogo ya mji, kumbukumbu ya wakati madini ya Bolivia yaliposhuka kwa reli hadi bahari ya Pasifiki. Bahari yenyewe Bolivia iliipoteza kwa Chile kwenye vita iliyoanza 1879, na hadi leo nchi hiyo isiyo na pwani ina jeshi la wanamaji. Wageni hupanda juu ya injini, hupiga picha, huondoka.

Chumvi ni jambo jingine. Ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Unguja yote ingeingia humo zaidi ya mara 6. Ni mabaki ya maziwa ya kale yaliyokauka yakaacha gamba gumu la kubeba malori, na chini ya gamba hilo kuna maji mazito yenye lithiamu. Ndiyo maana Bolivia huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye hazina kubwa kabisa ya madini hayo ya betri, na Desemba 2023 serikali ilizindua kiwanda chake huko huko. Mabwawa ya kukaushia yapo upande wa kusini. Njia yetu haikuyapitia, na hakuna aliyeuliza.

Kijijini Colchani watu bado wanaikusanya chumvi kwa koleo, wanaiacha kwenye vichuguu vidogo imwage maji, kisha inakaushwa, inatiwa madini joto na kufungwa kwenye vifuko. Wenzangu walinunua llama wadogo wa kuchonga. Mimi nilinunua kifuko cha chumvi, nikachekwa.

Mchana tulisimama Incahuasi, kilima cha mawe katikati ya weupe, kimejaa madungusi makakati marefu kuliko nyumba. Inasemekana hukua sentimita 1 hivi kwa mwaka, basi ukisimama chini ya lile la mita kadhaa unajua lilikuwepo kabla ya reli, kabla ya vita, kabla ya mpaka. Dereva alifungua buti, akatandika kitambaa cha maua, akapanga sahani: nyama ya llama, kinoa, viazi, nyanya, soda ya chupa kubwa. Alituhudumia wote. Nilipozunguka gari kutafuta kivuli nikamkuta anakula amesimama, sahani imewekwa juu ya tairi ya akiba, anakula haraka haraka huku jicho lake likiikagua tairi ya mbele.

Nikasimama pale pale.

Baba anakula hivyo. Hata nyumbani, baada ya siku nyingi porini, anasimama jikoni na sahani mkononi mpaka mama amwambie: "Kaa basi, baba nanihii, hapa hakuna wageni."

## Pumzi

Mji wa Uyuni uko juu karibu sawa na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Usiku wa pili mnalala kwenye mita 4,300 hivi, si mbali na ziwa la Laguna Colorada. Mtu wa Moshi akisikia hesabu hiyo anaguna, kwa sababu mlimani kila mita unailipia kwa miguu. Unaambiwa polepole, unakunywa maji, unalala, unapanda, unashuka kidogo. Kwenye Land Cruiser umekaa tu, umevaa mkanda, unasikiliza muziki wa watu. Mwili hauna habari kwamba umepandishwa.

Ukishuka garini ndipo unajua. Nilitembea hatua chache kuelekea ule mwamba wa jangwa la Siloli unaoitwa mti wa mawe, uliochongwa na upepo wenye mchanga mpaka shina likawa jembamba kuliko kichwa, nikalazimika kuinama na kushika magoti. Pale pumzi moja ina oksijeni kama asilimia 60 ya ile ya Dar.

Usiku ni mbaya zaidi. Unasinzia, pumzi zinapungua, zinapungua, zinasimama, halafu unashtuka umeketi kitandani unahema. Unalala tena, inajirudia. Chumbani tulikuwa kadhaa na kila mmoja alikuwa anashtuka kwa zamu yake. Bafuni ndoo ya maji ilikuwa imeganda.

Maji nayo huko juu huchemka kabla hayajafika nyuzi 90, kwa hiyo unaweza kukesha unachemsha viazi na visiive. Dereva alipika kwa sufuria ya presha. Alikuwa ameingia jikoni tangu tulipofika, shavu moja limevimba kwa majani ya koka, na alipotoa supu ilikuwa ya moto kweli. Baada ya jangwa lile lote sikumbuki kama nimewahi kula kitu kwa shukrani namna ile.

Na mchana wake, Laguna Colorada. Nitashindwa kuieleza, lakini acha nijaribu. Maji mekundu, rangi inayotokana na mwani, na katikati yake visiwa vyeupe vya boraksi. Upepo unakusukuma kifua. Na ndani ya wekundu huo, heroe. Maelfu, wameinamisha vichwa wanachuja maji, jamii tatu za Andes pamoja, mojawapo ikiwa ile ya James ambayo wanasayansi waliidhania imetoweka kabisa mpaka ilipoonekana tena miaka ya 1950.

Mimi heroe nawajua. Nawajua wa Natron, kwenye joto linaloyeyusha soli ya ndala, chini ya Ol Doinyo Lengai. Kuwaona kwenye baridi kali, juu ya mawingu, wakifanya kazi ile ile ya kuchuja tope la chumvi, kulinichanganya. Wenzangu walimuuliza dereva hao ni wa aina gani. Akaonyesha bango la hifadhi lenye picha zao, akarudi kwenye gari.

Ndipo mmoja aliposema, kwa Kiingereza, taratibu: huyu hapendi kazi yake.

## Hesabu ya bahasha

Mazungumzo yalifanyika mezani usiku huo, baada ya supu. Wanne kati yetu walikuwa wanashukia mpakani asubuhi, kwa hiyo suala la bakshishi lilikuwa lazima limalizwe. Jikoni kulikuwa nyuma ya ukuta wa matofali ya udongo, na tulikuwa tunasikia sahani zinavyogongana zikioshwa.

Hoja zilikuwa hizi. Hakutuambia kitu. Hakutabasamu. Tuliahidiwa Kiingereza. Bolivia bakshishi si lazima. Mmoja akaonyesha simu yake: ameshaandika maoni, yanasubiri mtandao. Nyota 2. Kwa haki kabisa, sentensi zake tatu za kwanza zilikuwa juu ya ofisi. Ya nne ilikuwa juu ya dereva, na ndiyo iliyokuwa ndefu.

Wakaniuliza, wewe unatoa ngapi?

Sikujibu kiasi. Nikaanza kusimulia habari za baba. Nikawaambia mtu anayeongea na wageni kutwa nzima hurudi nyumbani bubu. Kwamba sisi tulikua na baba aliyekuwa maarufu kwa vichekesho Arusha nzima, na vichekesho vyenyewe tulivisikia kwa watu. Nikawaambia leo tumepita mahali ambapo hakuna barabara bali alama za tairi zaidi ya ishirini zilizosambaa jangwani, na mtu huyu alikuwa anachagua moja kwa kuangalia mlima, kutwa nzima, bila ramani, na hatukukwama hata mara moja. Nikasema kunyamaza huenda ndiko kunakomwezesha.

Walinisikiliza kwa adabu. Bahasha ikaongezeka kidogo. Maoni kwenye simu sikuona kama yalibadilishwa.

Nilipokwenda kulala nilijisikia vibaya, na haikuwa mwinuko tu. Yule mtu hakunituma. Nilikuwa nimemwombea fedha kwa kutumia hadithi ya mtu mwingine, wa bara lingine, na hata sikujua kama hadithi hiyo inamhusu. Kumtetea mtu usiyewahi kumuuliza kitu, hiyo nayo ni heshima ya namna gani?

Tena, ukweli usemwe: sisi Watanzania tumeuza sana tabasamu. Mgeni akishuka uwanja wa ndege anataka hakuna matata, na anapewa. Nilipokuwa naulinda ukimya wa dereva yule, sijui nilikuwa namlinda yeye au nilikuwa naonea wivu nchi ambayo dereva anaruhusiwa kununa.

## Mpakani

Tuliamshwa kabla ya alfajiri. Nje, dereva alikuwa anaondoa blanketi alilofunikia boneti usiku, kwa tochi ya kichwani. Sol de Mañana iko juu zaidi ya mita 4,800, juu kuliko Kibo Hut: mashimo ya tope linalotokota, mvuke unaofoka kwa kelele, harufu ya mayai mabovu. Watu wanatembea katikati ya mashimo yale bila uzio. Mwenzetu mmoja aliinua simu akaanza kurudi nyuma ili apate picha pana, na hapo ndipo niliposikia sauti ya dereva kwa mara ya kwanza ikiwa juu. Neno moja. Mkono wake ulikuwa umeshamzuia yule mtu kifuani kabla neno halijaisha. Kisha akaokota jiwe, akalitupa pale ambapo mguu ungekanyaga. Gamba likapasuka, jiwe likazama.

Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipofika kwenye maji ya moto ya Polques.

Jangwa lililopewa jina la Dalí, sawa, linafanana na michoro yake. Laguna Verde, yaani ziwa la kijani, haikuwa ya kijani asubuhi hiyo. Inahitaji upepo wa kuivuruga, na upepo ulikuwa bado haujaamka. Nyuma yake Licancabur, volkano iliyochongoka, inayoizidi Kibo kwa mita chache. Halafu Hito Cajón, kibanda cha uhamiaji katikati ya changarawe, na mabasi madogo ya Chile yanasubiri. Wanne wakashuka, wakapeana mikono na dereva. Bahasha akaipokea kwa mikono miwili, hakuifungua, akaichomeka kwenye kizuia jua juu ya kioo.

Tukabaki wawili. Mwenzangu akalala kiti cha nyuma. Mimi nikahamia mbele.

Tulipoliacha lile bonde, dereva akaniuliza: "Afrika, sehemu gani?"

Kihispania changu ni cha kuombea maji na kuulizia choo, lakini nilijikongoja. Nilimwita maestro, kama wanavyoitwa madereva Bolivia. Nikamwambia kwetu nako kuna heroe. Hakuamini. Nikatafuta kwenye simu picha aliyoipiga baba Natron zamani, ziwa limekuwa la waridi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alisimamisha gari. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akataka kujua wanakula nini, maji yana kina gani, kuna baridi kiasi gani. Niliposema joto linafika 40 alicheka mpaka mwenzetu wa nyuma akaamka. Akanisimulia kuwa huku maji huganda usiku miguu yao ikiwa ndani, na wao hutulia tu wakisubiri jua liwafungue.

Kuanzia hapo hakunyamaza. Alinionyesha vikunya, ndugu wa porini wa llama, milimani kabla mimi sijaona chochote. Aliniambia kilima gani huwa na theluji mwezi gani. Tulipopita San Cristóbal alinieleza kwamba kijiji kizima kilihamishwa kupisha mgodi, na kanisa la zamani likabomolewa na kujengwa upya jiwe kwa jiwe, na makaburi nayo yakahamishwa. Muziki wa kumbia ukawashwa. Anaimba vibaya.

Nikamuuliza basi, kwa maneno machache niliyokuwa nayo: mbona siku zile mbili?

Akaangalia barabara kwanza. Akasema kuna mgeni aliwahi kuandika kwamba dereva anaongea mno, anageuka nyuma badala ya kutazama mbele. Ofisi ikachapa maoni hayo, ikayabandika ukutani, palipo na ratiba za madereva.

"Sasa naendesha," akasema.

Nadharia yangu ya usiku uliopita, ile ya baba anayerudi nyumbani bubu, haikuwa na kazi tena.

## Visanduku

Siku chache baada ya kurudi, kampuni ikaniletea fomu kwa baruapepe. Tupe nyota. Gari, 1 hadi 5. Chakula, 1 hadi 5. Dereva, 1 hadi 5. Mwongozaji, 1 hadi 5. Aliyeuza ziara hana kisanduku.

Mtu mmoja kwenye visanduku vinne, maana na gari nalo ni yeye anayelitunza.

Niliifungua nikaifunga, tena na tena. Nikisema alikuwa mchangamfu, ofisi inajua ameanza tena kuongea. Nikisema alikuwa mtulivu, maoni yangu yataungana na yale ya nyota 2. Kila sifa niliyoifikiria ilikuwa na namna ya kumgeukia. Na kutoandika kabisa ni kumwachia yule wa nyota 2 uwanja peke yake.

Mwishowe nikampigia mtaalamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hiyo chumvi, wanaosha chini ya gari?"

Hakuuliza heroe, hakuuliza maziwa. Nikamweleza kwamba wakirudi mjini magari yote yanapelekwa kupigwa maji kwa presha uvunguni. Akaguna. "Chesisi itakuwa imeshaliwa hiyo. Na shokapu?" Tulizungumza shokapu kwa muda mrefu. Nilipomwambia Licancabur inaipita Kibo akauliza nani kaipima.

Halafu nikamweleza ya dereva. Kwenye karatasi ya ukutani alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kuna wageni waliwahi kumwandika kwamba ananuka moshi. "Tulikuwa tumelala Natron, gesi ikaisha, nikawapikia kwa kuni. Wali waliumaliza."

Nikaona nimuulize na lile jingine, kwa kuwa tulishafika huko. Kwa nini nyumbani alikuwa haongei.

Alikaa kimya kiasi kwamba nikadhani simu imekatika.

"Mwenye duka akishafunga, anafunga," akasema. "Lakini mama yenu alikuwa ananiongelesha usiku, nyie mmelala. Hamkujua tu."

Sikuwa nalijua hilo. Bado sijaamua nilifanyie nini.

Kuhusu fomu alikuwa na jibu la haraka. Nyota hazina maana, akasema, bosi haangalii nyota za watu walioridhika. Andika jina lake kamili. Andika tarehe. Andika namba ya gari. Halafu taja kitu kimoja alichofanya ambacho mwenye kampuni, akikisoma, atajua amemwokolea fedha au kesi. "Mimi niliongezewa mshahara kwa barua ya mama mmoja Mjerumani. Aliandika kwamba nimebadilisha tairi Lobo, Serengeti, mwanawe akiwa amelala garini, na mtoto hakuamka. Basi. Hakusema mimi mzuri wala mchangamfu."

Nikaandika hivyo. Jina, tarehe, namba. Ule mkono kifuani kule Sol de Mañana, na jiwe lililozama. Sikugusa habari ya kuongea wala kunyamaza. Rafiki wa La Paz akaninyooshea Kihispania, akaondoa viulizo na vimshangao vyangu. Chini, kwenye nafasi ya maoni mengine, nikaandika kwamba abiria waliuziwa mwongozaji wa Kiingereza ambaye hakuwepo, na kwamba hilo ni la ofisi, lisiandikwe kwa dereva. Jina lake hapa kwenye blogu sitaliweka.

Jibu lilikuja baada ya dakika moja, la mashine. Wananishukuru kwa maoni yangu yenye thamani na wananipa punguzo la asilimia 10 kwenye ziara ijayo.

Nikamtumia baba. Ameuliza kama punguzo hilo linaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine, na kama mtu huyo anaweza kukaa mbele.